Tulivyokwenda Ruiru Kuutafuta Mkoa wa Balashov

Niliondoka nyumbani Kamenu, Thika, kwa sababu ya mkoa ambao haupo. Naomba msomaji asinicheke mapema. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, na nilikuwa nikijisifu kwamba ukinitajia mahali popote duniani, nitapawekea kidole kwenye ramani. Safari hii ilinivua hayo majisifu barabarani, mbele ya mke wangu.

Jambo lilianza hivi. Marehemu baba yangu mdogo alikwenda kusomea kilimo Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti, akarudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena, na mke. Mke huyo ni Vera. Sisi humwita Tata Vera, na tata kwetu ni shangazi au mke wa baba mdogo. Ameishi Ngoliba tangu mimi nikiwa kijana wa shule. Amelima mahindi na kunde katika ardhi ile kavu, amemzika mume, na Kikuyu chake kina kasoro chache kuliko cha watoto wangu. Sasa binti yake wa pili na wa mwisho, Galina, anaolewa. Kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama mzazi wa mama yake, kwa hiyo Ngoliba nzima humwita kwa jina la bibi mmoja wa Urusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wengi husema Garina.

Katika kikao cha kupanga siku ya kuwapokea wakwe, Mzee Kariuki, kaka yake marehemu, aliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa zamani: "Na huyu mama ya Garina, kwao tulienda lini?"

Hatukuwahi kwenda. Mwanamume wa kwetu akipata mchumba, watu wake hubeba sukari, mikate na soda, wakaenda kulijua boma la msichana. Twaita kumenya mucii. Vera alifungia ndoa ofisini huko Saratov, na hakuna mzee wa Ngoliba aliyepanda ndege. Mzee Kariuki akatoa uamuzi wake: mama ambaye kwao hakujulikani hawezi kukaa na kina mama wanaopokea wageni wa binti yake. Siku hiyo atakaa jikoni na wapishi.

Nilimtazama Tata Vera akiyasikia hayo. Alikuwa akichambua kunde, akaendelea kuchambua, ila alikuwa akitupa zilizo nzima na kubakiza zilizotobolewa. Niliona aibu, tena aibu yenye hasira. Mwanamke amekaa nasi umri wa mtu mzima, halafu siku ya bintiye anaambiwa akakae na masufuria.

Ngoliba, jioni hiyohiyo, nilimfuata nyuma ya nyumba nikamuuliza kwao hasa ni wapi.

"Balashov," akasema.

"Huo ni mji?"

"Ni mji, na ilikuwa mkoa. Mimi nilizaliwa mkoa ya Balashov. Lakini mkoa iliisha."

"Iliisha aje, Tata?"

"Ilifungwa. Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi ya mkoa. Nikiwa na miaka miwili, wakafunga ofisi, wakachukua funguo ya gari. Tukahamia Saratov kutafuta kazi."

Kamenu, siku mbili zilizofuata, nilikaa na simu nikisoma hadi macho yakauma. Mkoa huo ulikuwepo kweli. Uliundwa mwanzoni mwa mwaka 1954 kwa kumega vipande vya mikoa minne jirani: Saratov, Voronezh, Tambov na Stalingrad. Makao yake yalikuwa mji wa Balashov, kando ya mto Khopyor, katika nchi ya ngano na alizeti. Kabla ya mwaka 1957 kwisha ukafutwa, na kila kipande kikarudishwa kilikotoka. Haukutimiza hata miaka minne. Nilitafuta sababu ya kuuanzisha nikaambiwa ni kuboresha utawala na kilimo. Nilipotafuta sababu ya kuufuta, sikupata tofauti kubwa. Nikafikiri pengine naweza kumwelekeza Mzee Kariuki kwenye mikoa hiyo jirani basi, nikakuta Stalingrad nayo imebadilishwa jina kuwa Volgograd, na nchi yenyewe iliyokuwa juu ya mikoa hiyo yote imevunjika. Nikaizima simu. Mke wangu Wairimu aliuliza nimepata wapi, nikamwambia sijui.

Galina ndiye aliyetuokoa, au ndivyo tulivyodhani. Alikuwa amekutana na mama mmoja mzee wa Kirusi katika foleni ya duka la dawa Ruiru, mjane wa fundi wa mitambo kutoka Kakamega. Walipoanza kuzungumza, Galina akamtajia Balashov, na yule mama akashika kifua akasema, "Balashov! Balashov naijua sana!" Jina lake Tamara. Galina akaja mbio kwa Mzee Kariuki na kumwambia amepata mtu wa kwao mama. Mzee akaridhika. Kama kuna mtu wa kwao Ruiru, basi kwao ni Ruiru, twende tukakujue. Hakuna aliyeuliza zaidi, mimi nikiwemo, na mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Ijumaa mchana, Tata Vera alitangulia. Hapa desturi ilituletea kioja. Msichana anayechumbiwa hutakiwa kuwakuta wageni akiwa kwao, hawezi kufika nao katika gari moja. Kwa hiyo Galina akampeleka mama yake, mwenye umri wa miaka sabini, na kifurushi cha nguo za kulala, akalale kwa mtu ambaye yeye Tata alikuwa ameongea naye kwa simu tu, ili kesho yake tumkute ni binti wa nyumba. Tata alipokuwa akipanda gari aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikifika nimwambie yeye ni nani wangu?" Nikamjibu wazee watajua. Wazee hawakujua.

Jumamosi, alfajiri, nilifunga safari kwenda nyuma. Kamenu iko karibu na Ruiru kuliko Ngoliba ilivyo, lakini Mzee Kariuki alisisitiza kwamba msafara hutokea bomani. Ilibidi mimi na Wairimu tusafiri hadi Ngoliba, tunywe uji pale, tuombewe na mzee wa kanisa, ambaye ni Mzee Kariuki huyohuyo, kisha tupande pikapu turudi njia ileile. Pikapu ilikuwa ya Gachoka, shemeji yetu kutoka Gatanga, mtu mnene mwenye maoni kuhusu kila kitu. Nyuma tulipakia sukari, unga, mikate, kreti za soda, mkungu wa ndizi na blanketi jipya la mama wa nyumba. Wairimu alikaa nyuma na ndizi, kwa hiari yake, akisema anataka hewa.

Barabara ya Garissa, jua likiwa limeshaanza kuuma, Mzee Kariuki alinitaka nimweleze huo mkoa ili asije akaaibika mbele ya wakwe. Nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama mashamba, halafu akauliza, "Sasa waliuvunja kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, Mzee. Serikali iliamua."

"Na watu waliulizwa?"

"Sidhani."

"Na wakati wa kuuanzisha?"

"Sidhani pia."

Akanigeukia. "Wewe ulisomea hii kitu ama unakisia?"

Tulipofika karibu na Kiandutu, ambapo watu walikuwa wakitembea kwa makundi kuelekea vibaruani na wachuuzi wakipanga mitumba, nilidhani nimepata mfano mzuri. Nikawakumbusha kwamba hata sisi tulikuwa na Wilaya ya Thika. Ilitengenezwa kwa kuchukua huku Kiambu na kule Murang'a, ikawa na mkuu wake na mihuri yake, na leo haipo. Ngoliba iko Kaunti ya Kiambu, Gatanga imerudi Murang'a. "Lakini sisi bado ni watu wamoja," nikamalizia, nikijiona nimefundisha.

Gachoka akapunguza mwendo. "Wamoja na nani? Mwalimu, wacha nikuambie. Sisi watu wa Gatanga hatukuwahi kuwa Thika. Tuliwekwa. Siku tuliyorudishwa Murang'a mimi nilichinja kondoo."

"Kondoo wa nini?" Mzee Kariuki akauliza.

"Wa kufurahi."

Basi kutoka hapo hadi Juja ikawa ni mabishano. Mzee alidai kwamba wilaya ndiyo iliyowaletea Gatanga barabara, Gachoka akamwambia barabara hiyo haijafika mlangoni kwake hadi leo. Mimi nilikuwa katikati yao, goti langu likigongwa na gia, sijui tena ninatetea upande upi. Nilitamani ningekaa nyuma na ndizi.

Ruiru, kabla ya saa sita, tuliingia mtaa wenye maghorofa ya kupangisha yaliyobanana, nguo zikikauka kila roshani. Tamara anaishi ghorofa ya chini. Desturi hutaka wageni wasimame langoni, waimbe, waulizwe wao ni nani. Lango la pale ni la wapangaji wote, na mlinzi alitaka nambari ya gari na kitambulisho. Wairimu akaanza wimbo akiwa peke yake. Mzee Kariuki alimdakia mstari wa pili, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifua nje, bila kutujua, akaitikia vizuri kutushinda.

Galina alitufungulia. Uso wake ulinieleza kwamba mambo yameharibika. Ndani, sebuleni, Tata Vera alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Tamara, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi na leso ya Kenya kiunoni, alikuwa upande wa pili karibu na meza. Walikuwa wamepeana migongo. Wote wawili walitusalimia vizuri, ila hawakutazamana.

"Wamekosana usiku," Galina akaninong'oneza. "Ni hiyo mkoa."

Tulipoketi na kuombewa, Mzee Kariuki alinipa ishara. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Nikasimama, nikasema tumetoka mbali, tumesikia katika nyumba hii kuna msichana, tumekuja kulijua boma lao, watu wa Balashov.

"Hapana," Tamara akasema.

"Karibuni sana, nyinyi ni wageni wangu, chakula iko," akaendelea, kwa Kiswahili kilichopita Kakamega kabla ya kufika Ruiru. "Lakini mimi siwezi kudanganya wazee. Mimi si mtu wa Balashov. Mimi ni wa Borisoglebsk. Sisi ni Voronezh. Nilizaliwa Voronezh. Nikiwa mtoto walituchukua wakatupeleka Balashov, na nikianza tu shule wakaturudisha. Niliona fundi akipaka rangi juu ya kibao cha jina. Mama yangu alipika pai siku hiyo. Mji wetu ni mkongwe, kwa nini tuwe chini ya Balashov?"

"Baba yangu alipoteza kazi siku hiyo," Tata Vera akasema, akiangalia dirisha. "Wewe ulikula pai."

"Nilikuwa na miaka saba. Ningekataa pai?"

Gachoka, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi namwelewa huyu mama," akasema. "Hata sisi tuliwekwa." Mzee Kariuki akamwambia anyamaze. Gachoka akasema hawezi kunyamaza wakati ukweli unasemwa. Galina akaanza kulia. Nilijaribu kueleza kwamba kwa kipindi fulani, kisheria, wote wawili walikuwa watu wa mkoa mmoja, na Tamara akaniuliza, kwa upole unaoudhi, ni katika kipindi gani nataka kuzitembelea nyumba walizozaliwa, kwa sababu zote zipo leo na hakuna hata moja iliyo katika mkoa wa Balashov. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi cha kutaka kuketi, nikaketi.

Mzee Kariuki alitazama sukari na mikate pale mlangoni. "Tumekuja mahali si kwao," akasema. "Hii safari haihesabiki. Tubebe vitu vyetu." Akaanza kuitafuta fimbo yake.

Tata Vera hakugeuka. Nilimwona akijifunga kitambaa upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudi shambani. Najua alichokuwa akikiona, kwa kuwa nilikuwa nikikiona mimi pia: jiko, wapishi, na sauti za kina mama wakiimba sebuleni kwake mwenyewe. Iliniuma sana.

Tamara ndiye aliyesimama. Alikwenda akajiweka kati ya Mzee na mlango, akaegemea kreti ya soda.

"Mzee, ngoja. Mimi nimeoza mabinti watatu hapa Kenya. Najua kazi yenu. Kabla wageni hawajafukuzwa, msichana huulizwa." Kisha akamgeukia Tata Vera, wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Hakusema Kirusi. Alisema Kiswahili, tusikie wote. "Vera. Hawa watu wamekuja na vitu. Unawajua? Tule vitu vyao, ama tuwarudishie?"

Swali hilo nimelisikia katika kila boma nililopeleka msafara. Msichana huulizwa, hucheka, husema kuleni, na vigelegele hupigwa kabla hajamaliza. Nilingoja Tata Vera aseme vivyo hivyo.

Badala yake alitutazama mmoja mmoja: Mzee Kariuki na fimbo yake, Gachoka, Wairimu mwenye majani ya ndizi kwenye sweta, mimi. Alitutazama kama watu anaofikiria kweli kuwakataa. Nikashikwa na hofu. Ndipo nilipong'amua kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuuliza, na kwamba mtu akiulizwa anaweza kusema hapana.

"Nikikataa," akasema mwishowe, si kwetu bali kwa Tamara, "nitakaa wapi?"

"Utakaa hapa," Tamara akasema. "Si umelala hapa jana? Kitanda ni kile."

"Hata kama mimi ni mtu wa Balashov?"

"Hiyo ni shida yako. Kitanda ni kile."

Tata Vera akashusha pumzi. Akainuka, akaja hadi katikati ya sebule, akamtazama Mzee Kariuki bila kuinamisha kichwa. "Basi kuleni," akasema.

Wairimu alipiga vigelegele vitano kwa pumzi moja, na yule mwanamke aliyekuwa akifua akavijibu kutoka nje. Mzee Kariuki alibaki amesimama, akitafuta kosa. Alimuuliza Tamara kama yeye ni dada, mama au jirani wa msichana, maana lazima ajue amekuja kwa nani. Tamara akamwambia amekuja kwa Tamara, na kama chai inapoa si kosa lake. Mzee akafikiri. "Nimekuja kwa Tamara," akarudia, akiyajaribu maneno. Akakaa. Akala wali, viazi na kachumbari ya bitiruti iliyotupaka midomo rangi nyekundu, akaongezewa, na alipomaliza akatangaza kwamba boma limejulikana, na Jumamosi ijayo mama wa Galina ataketi mbele, na huyu Tamara pembeni yake.

Wakati wa kuaga, wale wanawake wawili walikuwa wameanza tena kubishana, sasa kwa Kirusi, kuhusu mto Khopyor. Galina alinitafsiria kidogo. Kila mmoja alidai mto ni mzuri zaidi unapopita kwao. Nilifikiri kuuliza ni nani mwenye haki, nikajizuia.

Tulirudi bila Tata Vera. Alisema atakaa siku chache, na Mzee hakuwa na kifungu cha kumkatalia. Njiani, tulipofika Thika, Gachoka akasema hata hivyo Wilaya ya Thika ilikuwa na soko zuri. Mzee Kariuki alijifanya amelala.

Nilichojifunza sina hakika kama naweza kukifundisha. Bado sielewi kwa nini mkoa ule uliundwa, wala kwa nini ulivunjwa, na nikipewa ramani leo sitajua nipake wapi rangi. Najua tu kwamba nilikwenda kutafuta mahali alipozaliwa mtu, na kumbe kilichokuwa kimekosekana ni mahali ambapo angeweza kubaki kama hatumtaki, au yeye hatutaki sisi.

Ngoliba, jua likizama, tulishusha kreti tupu. Jirani wa Tata Vera, mama anayemsaidia kukamua mbuzi, alikuja uani na ndoo yake, akakuta mlango umefungwa. Kila mke wa kijiji hiki huwa na siku za kutoonekana, akiwa ameenda kwa wazazi wake, na kila mtu huwa anajua pa kumfikiria. Kwa Tata Vera hatukuwahi kuwa na pa kumfikiria.

"Vera ako wapi?" jirani akauliza.

"Ameenda kwao," nikamwambia.